Mustang ya 1966 Iliyokataa Kufunga Paa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari lililoletwa kwetu mwishoni mwa Aprili lilikuwa Ford Mustang ya mwaka 1966, ya paa la kukunjwa, nyekundu, iliyopigwa rangi upya si zamani sana. Mwenye gari ni Mtanzania wa makamo ambaye ameishi jimbo la Ohio tangu ujana wake, na kabla ya kufika kwetu alikuwa ameshalipa gereji mbili. Aliposhuka alijaribu kufunga mlango wa dereva mara tatu, ukagoma mara zote tatu, ndipo akageuka na kusema, "Ndugu yangu, hili gari limenimaliza. Kila nikitengeneza kitu kimoja, kingine kinaamka."

Aliyokuwa akiyalalamikia yalikuwa matano. Paa lilikuwa halishiki kwenye fremu ya kioo cha mbele, hasa upande wa kushoto. Mlango wa dereva ulikwaruza nguzo ya nyuma kila ulipofungwa. Zulia la upande wa abiria lilikuwa likilowa baada ya kila mvua. Pampu ya paa ilipiga kelele kama inayosaga mchanga huku paa likipanda mshazari, upande mmoja ukitangulia mwenziwe. Injini nayo ilichemka kwenye foleni za mjini, ingawa barabara kuu ilikwenda bila shida. Gereji ya kwanza ilibadilisha pampu ya paa pamoja na mitungi yake miwili ya haidroliki. Ya pili ilibadilisha bawaba za mlango na rejeta. Nilivikagua vipuri hivyo vyote na nikaona vimefungwa kwa ustadi, bolti zimekazwa sawasawa, hakuna kilichovuja. Kwa hiyo sina neno juu ya mikono ya mafundi waliotangulia. Ninalo neno juu ya utaratibu wao, kwa kuwa kila mmoja alilitibu lalamiko mahali lilipoonekana na hakuna aliyeuliza kama manne kati ya hayo matano yangeweza kuwa na mzazi mmoja.

Kabla ya kushika spana nilisoma namba ya gari, kwa sababu kwa magari ya umri huu namba hueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji. Ilianza na 6F08C. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa modeli, yaani 1966. F ni kiwanda cha Dearborn, Michigan. 08 ni bodi ya paa la kukunjwa. C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, karibu lita 4.7, yenye kabureta ya midomo miwili. Kama tarakimu za bodi zingekuwa 07, tungekuwa na gari la paa la chuma lililokatwa na mtu na kuuzwa kama la kukunjwa, na uchambuzi wote ungeishia hapo hapo kwa ushauri wa kulipeleka likauzwe vipuri. Kibao cha mlangoni kilikubaliana na namba hiyo kwa alama ya bodi 76A. Mwaka huo wa modeli Ford ilitengeneza Mustang 607,568, na kati yake 72,119 ndizo zilizokuwa za paa la kukunjwa, kwa hiyo gari hili si adimu kiasi cha kuogopa kulikata na kulichomelea pale inapobidi, na si la kawaida kiasi cha kulitupa.

Injini ya aina ya C ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 200 kwa kipimo cha enzi zile, kilichopimwa injini ikiwa peke yake bila mizigo yote inayoibeba ndani ya gari, na ndiyo maana namba hiyo haifai kulinganishwa na za magari ya leo. Giaboksi ya gari hili ni otomatiki ya gia tatu, ile inayoitwa C4. Ina vitone viwili kwenye mkono wa gia, kimoja cha kuanzia gia ya kwanza na kingine cha kuanzia ya pili, na nimeshakutana na wenye magari zaidi ya mmoja waliodhani giaboksi imekufa kumbe mkono ulikuwa kwenye kitone kisicho chake. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 108, sawa na mita 2.74. Umbali huo naomba msomaji auweke akilini, kwa kuwa kisa chote kimelala katikati yake.

Mustang haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na katika gari la paa la chuma sehemu kubwa ya ukakamavu wake hutoka juu, pale paa linapoziunganisha nguzo za mbele na za nyuma. Walipoliondoa paa hilo ili kupata gari la kukunjwa, wahandisi walilazimika kurudisha nguvu ileile kwa chini. Ndani ya kila kizingiti cha mlango waliweka kizingiti cha pili cha bati nene zaidi, wakaongeza bati la kuimarisha sakafu chini ya viti vya mbele, na kwenye kila pembe ya mbele wakaweka kisanduku cha chuma kinachokiunganisha kizingiti na reli inayobeba injini. Ndiyo sababu gari hili, ambalo mtu angedhani ni jepesi kwa kukosa paa, kwa kweli ni zito kuliko nduguye wa paa la chuma.

Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye alijifunza kuchomelea Mombasa kabla ya kuja huku, alilitazama gari kutoka mlangoni mwa gereji bila kulikaribia.

"Umepima mwanya wa mlango?" aliuliza.

"Bado, Mzee. Nilitaka kuanza na paa."

"Anza na mlango, mwanangu. Kitanda cha kamba mfumbati ukioza, utakaza kamba mpaka vidole vitoke damu na bado utalala sakafuni."

Tukapima. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake manne, mwanya wa nyuma ya mlango wa dereva ulikuwa milimita 2 juu na milimita 8 chini. Upande wa abiria ulikuwa 4 juu na 6 chini. Gari lililonyooka huwa na mwanya unaokaribia kulingana kutoka juu mpaka chini. Mwanya uliobanwa juu na kupanuka chini una maana moja, nayo ni kwamba katikati ya gari imeshuka, na nguzo ya mbele na pembe ya nyuma zimeinamiana kama watu wawili wanaonong'onezana. Nikaweka jeki chini ya katikati ya kizingiti cha kushoto, na kipande cha mbao juu yake ili chuma kisipondeke, nikapandisha taratibu mpaka tairi zikaanza kupungukiwa na uzito bila kuachana na sakafu. Mwanya ukawa 5 juu na 5 chini. Mlango uliokuwa ukigoma ulifungwa kwa kusukumwa na vidole viwili.

Kipimo hicho kimoja kiliziondolea lawama bawaba zote mbili, mpya na zile za zamani zilizotupwa. Pia kilieleza habari ya paa. Fremu ya paa hili hukaa kwenye mihimili iliyofungwa nyuma ya milango, na mbele ina pini mbili za kuelekeza zinazoingia kwenye matundu ya fremu ya kioo kabla ya kulabu kukazwa. Fremu ya paa haifupiki. Nguzo za kioo zikiinama kuelekea nyuma kwa milimita chache, umbali ambao paa linapaswa kuufunika hupungua, na pini hutua mbele ya matundu yake. Hivyo ndivyo tulivyoona, pini ya kushoto ikiwa imechimba alama yake kwenye rangi mpya karibu milimita 7 mbele ya tundu. Kwa jeki ileile chini ya kizingiti kilekile, pini iliingia.

Baada ya hapo tuliitazama pampu. Mfumo wa paa la umeme la Mustang hii ni mota inayozunguka pande zote mbili, iliyofichwa nyuma ya kiti cha nyuma, ambayo huendesha pampu inayosukuma mafuta chini ya pistoni za mitungi paa linapopandishwa na juu yake linaposhushwa. Kuna jaribio rahisi ambalo naona halifanywi inavyostahili. Fungua mitungi yote miwili kutoka kwenye fremu ya paa, kisha watu wawili wapandishe paa kwa mikono. Likipanda kwa wepesi, kosa limo kwenye mota, pampu, mafuta au mitungi. Likigoma mikononi, kosa limo kwenye viungo vya fremu au kwenye gari lenyewe, na pampu mpya itakufa kama iliyotangulia. La kwetu liligoma upande wa kushoto. Pampu ambayo mwenye gari aliinunua kwa fedha yake ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa ikipiga kelele kwa kuwa ilikuwa ikijaribu kulinyoosha gari.

Lilibaki swali la kwa nini kizingiti kimelegea. Kwa nje vizingiti viling'aa. Sumaku ilishika vizuri pande zote, kwa hiyo hapakuwa na pati nene, ule udongo wa kusawazishia bati, chini ya rangi. Lakini nyundo ndogo ya mbao ilitoa sauti mbili tofauti: kulia mlio mkavu, kushoto mlio wa debe lililojaa udongo. Tukapitisha kamera ya waya kwenye tundu la kutolea maji, nikaona kitu ambacho nimekiona mara nyingi kwenye magari ya majimbo haya ya kaskazini. Kizingiti cha nje kilikuwa kipya, kimechomelewa vizuri, na ndani yake kile cha pili, kile cha bati nene ambacho ndicho mgongo wenyewe wa gari, kilikuwa kimebaki vipande vya kutu kama majani ya chai. Bisibisi iliyosukumwa kwa mkono mmoja ilitoboa kisanduku cha pembe ya mbele na kutokea upande wa pili. Aliyelitengeneza gari hili miaka iliyopita alibadilisha kile kinachoonekana na kuacha kile kinachobeba, na rangi nzuri ikafunika shauri hilo mpaka lilipomfikia mnunuzi.

Watu wa pwani tunazijua kutu za chumvi ya bahari, lakini huku chumvi humwagwa barabarani kwa makusudi ili kuyeyusha barafu, na gari huogeshwa nayo kwa chini kuanzia Desemba hadi Machi. Hata hivyo chumvi peke yake haikueleza kwa nini upande mmoja uoze na wa pili ubaki na afya ya wastani. Jibu lilitoka kwenye lalamiko ambalo mwenye gari alilitaja kwa haraka kama dogo kuliko yote, lile la zulia lililolowa.

Zulia likilowa upande wa abiria, wengi huitupia hita lawama, kwa sababu iko hapo hapo chini ya dashibodi. Dalili za kutofautisha ziko wazi. Maji ya rejeta yana utelezi na harufu tamu, na huacha ukungu wa mafuta kwenye kioo hita inapowashwa. Yetu yalikuwa maji matupu na yalikuja siku za mvua tu. Tukaondoa zulia, mmoja wetu akajilaza ndani na tochi, mwingine akamwaga maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu: kwanza mpira wa mlango, kisha ukingo wa kioo, na mwisho matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo. Yalipofika kwenye matundu hayo, aliyekuwa ndani alipiga kelele kabla hatujahesabu kumi.

Chini ya matundu hayo kuna chemba iliyopita upana mzima wa gari, iliyoundwa kwa mabati mawili yaliyoshikanishwa kwa nukta nyingi za kuchomelea. Hewa ya kuingia ndani hupita kwenye vikombe viwili vilivyosimama kutoka sakafu ya chemba hiyo, kimoja kila upande, na maji ya mvua hutakiwa yavizunguke vikombe hivyo, yaende pembeni, na kutokea nyuma ya madigadi za mbele. Ni mpango mzuri siku gari likiwa jipya. Lakini gari likiegeshwa chini ya miti, majani hupenya, hurundikana kwenye shingo za vikombe, na kukaa na unyevu mwaka mzima. Shingo ya kulia ilikuwa imelika hadi kubaki kama kichujio cha nazi. Huko ndiko maji ya zulia yalikotoka. Kushoto kikombe kilikuwa bado kizima, na hilo lilinishangaza kwa dakika kadhaa, mpaka tulipofungua madigadi ya kushoto.

Nyuma ya madigadi hiyo kulikuwa na udongo. Nauita udongo kwa kuwa ulikuwa mweusi, laini, wenye mizizi, na ungeoteshwa mchicha. Maji ya chemba yalipotokea upande huo yalibeba majani yaliyosagika, yakayashusha juu ya mwanzo wa kizingiti, pale pale kisanduku cha pembe kinapoungana nacho, na chumvi ya barabarani ikaja kutoka chini na kuchanganyika nayo. Kulia, kwa kuwa kikombe kilikuwa kimetoboka, sehemu kubwa ya maji na takataka iliishia kwenye zulia na haikufika huko nyuma. Kwa maneno mengine, uvujaji uliomkera mwenye gari ulikuwa umekihifadhi kizingiti cha kulia, na upande uliokuwa mkavu ndani ndio ulioliangusha gari.

Nilipomweleza haya alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo paa langu limeharibiwa na majani?" Nilimjibu kwamba ndiyo, majani, pamoja na mtu aliyeona kutu akaifunika.

Ukarabati wa muundo huu una mtego ambao umewafilisi wengi, nao ni kukata kizingiti gari likiwa limekaa kwenye matairi yake au kwenye stendi za mbele na nyuma tu. Ukilikata hivyo, gari hukunjika zaidi, na ukichomelea bati jipya unakuwa umeufunga upotofu huo ndani yake daima. Tulianza kwa kuliweka kwenye stendi sita, mbili za ziada zikiwa katikati, tukarekebisha urefu wake kwa kuzingatia mianya ya milango mpaka yote ikafika milimita 5 ikizidi au kupungua moja. Kisha tukachomelea mabomba ya mraba kwenye nafasi za milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na jingine likipita mshazari kutoka upande mmoja hadi wa pili. Baada ya hapo tu ndipo tulipokata. Tulikata kidogo kidogo, upande mmoja kwa wakati, na hatukuufungua wa pili kabla wa kwanza haujafungwa.

Kushoto tulibadilisha kizingiti cha ndani, cha nje, na kisanduku cha pembe, pamoja na kipande cha sakafu chenye upana wa viganja viwili. Kulia tulikifungua kizingiti kwa dirisha dogo, tukasafisha, tukaona kilikuwa kimeliwa juujuu, tukakipulizia nta ya kuzuia kutu na kukifunga. Mzee alichomelea nukta kwa nukta akirukaruka kutoka sehemu hadi sehemu, kwa kuwa bati linalopata joto mfululizo hujikunja, na kila baada ya nukta kama ishirini alisimama, akaniita nipime mianya. Siku ya kwanza nilimwona anachelewesha kazi. Siku ya pili mwanya wa juu ulisogea milimita moja na nusu, tukauona mapema, tukaurudisha, na sikulisema tena jambo hilo.

Chemba ya hewa ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko zote, kwa sababu bati la juu haliondoki mpaka nukta zake za kuchomelea zitobolewe moja moja. Wapo wanaoziba vikombe kwa gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo kupitia matundu. Sipendi njia hiyo kwa gari la paa la kukunjwa. Maji huendelea kukaa chini ya kiraka na huwezi kuyaona. Tulifungua, tukachomelea shingo mpya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na kabla ya kufunga tukaongeza wavu mwembamba wa chuma chini ya matundu ili majani yasipite tena.

Injini ilikuwa kisa cha pembeni, lakini kosa lilikuwa la jamii ileile. Kwanza tulihakikisha kwamba joto lenyewe ni la kweli, kwa kuwa geji za Mustang hii hulishwa na kidhibiti kimoja kinachopunguza umeme wa volti 12 hadi wastani wa volti 5, na kidhibiti hicho kikiharibika geji ya joto na ya mafuta hupanda pamoja. Ya mafuta ilikuwa ikisema kweli, na kipimajoto cha kuelekezea kilisoma digrii 108 kwenye nyumba ya themostati. Rejeta ilikuwa mpya. Pampu ya maji ilizungusha. Alama ya taimingi, yaani ya wakati cheche inapowasha mafuta, ikimulikwa kwa taa yake, ilisoma digrii 6 kabla ya kilele cha pistoni, kama inavyotakiwa kwa injini hii. Kila kitu kilikuwa sahihi, na injini ilichemka.

Kilichokuwa kikidanganya ni alama yenyewe. Imechorwa kwenye pete ya nje ya gurudumu la kupunguza mtetemo lililo mbele ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na gurudumu hilo ni vyuma viwili vilivyounganishwa kwa mpira. Mpira wa miaka karibu sitini hukauka na kuachia, pete ya nje ikateleza, na alama ikahama pamoja nayo. Tulitoa plagi ya silinda ya kwanza, tukafunga kizuizi kwenye tundu lake, tukaizungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ikagusa, tukaweka alama, tukaizungusha kinyume mpaka ikagusa tena, tukaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndicho kilele cha kweli, na kilitofautiana na kilichochorwa kwa digrii 11. Fundi aliyetangulia aliiweka taimingi kwa uaminifu mkubwa kwenye alama ya uongo, cheche zikawa zinakuja digrii 5 baada ya kilele, na injini inayochelewa kuwasha hivyo hupeleka joto lake kwenye kuta za silinda na njia za moshi. Barabara kuu upepo uliificha hali hiyo, foleni ikaifichua.

Tulipolifungua gurudumu hilo tulifungua pia kifuniko cha cheni ya taimingi, kwa kuwa ukishafika hapo ni uvivu kuacha kutazama. Giya ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, ilikuwa ya meno ya nailoni, na meno matatu hayakuwapo. Tuliyakuta kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, yakiwa yamejibanza kwenye chujio la pampu ya oili. Tukaweka giya ya chuma na cheni mpya. Kuhusu pointi za distribyuta, vigusio vinavyokata umeme ili cheche ipatikane, mwenye gari alitaka kubaki nazo, na sikumpinga: zikiwekwa mwanya wa milimita 0.43 na kukaguliwa mara kwa mara hufanya kazi yake.

Nilipompinga ni kwenye breki. Mustang ya 1966 ina silinda kuu yenye chumba kimoja kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likipasuka pedali hushuka mpaka sakafuni na hakuna kinachobaki isipokuwa breki ya mkono. Magari ya mwaka uliofuata yalikuja na vyumba viwili. Bomba la nyuma la gari hili lilikuwa limevimba kutu juu ya ekseli. Aliniambia anataka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Nikamwambia nitalirudishia kila kitu cha kiwandani anachotaka ila hicho, na silinda ya zamani nitamfungia kwenye boksi aiweke nyumbani. Alikubali baada ya siku mbili.

Kwa ajili ya ukakamavu zaidi tulipendekeza kipande kimoja kingine, nacho ni brasi inayoiunganisha minara ya springi za mbele na ukuta wa nyuma ya injini kwa bati moja. Magari ya soko la Marekani yalikuwa na vipande viwili vyembamba; yale ya kupelekwa nchi za nje yaliwekewa hicho kimoja kizito, na hufungwa kwa matundu yaleyale. Mzee alikigeuza mkononi, akacheka, akasema, "Hiki kimetengenezwa na mtu aliyewahi kupita barabara zetu."

Mabomba ya kushikilia yalipokatwa na gari kushushwa kwenye matairi yake, mianya ilisoma 5 juu na 5 chini kushoto, 5 na 4 kulia. Mitungi ikafungwa, hodhi ya pampu ikajazwa, paa likapandishwa na kushushwa mara sita ili hewa itoke. Pampu ileile iliyosemwa mbovu ilifanya kazi bila kelele. Mwenye gari alilirudisha baada ya kilomita 900, kama tulivyomwomba, nikapima tena: kushoto hapakubadilika, kulia ilikuwa 5 na 5. Joto halikuvuka digrii 92 kwenye foleni. Bado upepo unapiga mluzi kwenye pembe ya kulia ya paa gari linapozidi kilomita 90 kwa saa, kwa sababu turubai lilishonwa kufuata umbo la gari lililopinda na halijazoea kunyooka. Nilimpa chaguo la kulivuta upya. Alisema aachiwe mluzi wake mpaka mwakani.